Mazimwi Yanayoishi Peke Yao

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, na Kitinda ameondoka leo.

Ndivyo ninavyomwita mdogo wangu wa mwisho. Tangu mama afariki tumeishi wawili katika nyumba hii. Wiki iliyopita aliolewa, na leo mumewe amemchukua kwenda kwao, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nimebeba mabegi mpaka stendi. Nimetania, nimecheka, nimemwambia shemeji amrudishe akimshinda. Basi lilipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba mwavuli tulikuwa nao mmoja, na ameondoka nao yeye.

Jumapili, 3 Machi

Nimefagia. Nimekula mkate mkavu kwa chai. Mvua.

Jumatano, 6 Machi

Nyumba ikiwa kimya namna hii mtu anaweza kusahau yeye ni nani, kwa hiyo acha niandike. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nafanya kazi chumba cha nyuma kwa daktari wa meno. Daktari anakaa mbele, wagonjwa wanakaa mbele. Kwangu vinafika vinywa tu, vya plasta, ule unga mweupe unaoganda kama jiwe, ndani ya kisanduku. Meno yakizidi urefu kidogo, mwenyewe hawezi kufunga mdomo. Yakipungua, anatafuna hewa. Basi nasugua, napima, nasugua tena. Watu wamecheka kwa meno yangu miaka chungu nzima na sijamwona hata mmoja akicheka.

Plasta inayobaki natengenezea mazimwi.

Hayo ni ya Jumamosi. Kila Jumamosi alasiri watu huja sebuleni kwangu, tunaizunguka meza, nami nawasimulia nchi isiyokuwepo. Kila mmoja ana shujaa wake. Wao wanasema wanachotaka kufanya, kete zinaamua kama wamefaulu, na mimi ndiye dunia nzima iliyobaki: mvua, mbwa, mwenye nyumba ya wageni, na adui. Adui ndiye kazi yenyewe. Akiwa mwepesi, watu wanaanza kuchungulia simu. Akiwa mzito, mashujaa wanakufa na wenyewe wanakwenda zao. Inabidi nimpime kama ninavyopima meno, awabane bila kuwaumiza.

Mashujaa walikuwa wanne. Kitinda ndiye aliyekuwa Mganga, anayewaponya wenzake wakijeruhiwa. Sasa wamebaki watatu, na vitisho vyote vilivyo kwenye kabati nilivipimia watu wanne.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja wote, wamelowa. Mwalimu wa hesabu, ambaye kwenye mchezo ni mchawi wa moto na hapendi kushindwa hata na kalamu yake. Mpishi wa hospitali, mtu wa kilo nyingi, anayecheza mwizi mwembamba wa kupenya madirishani. Na Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hasemi sana. Shujaa wake ni askari wa ngao, husimama mbele ya wenzake na kupigwa kwa niaba yao. Kila mmoja alikitazama kiti cha Kitinda, na hakuna aliyekikalia.

Niliwaletea joka la kinamasi. Nilikuwa nimelipunguza, lakini sikulipunguza vya kutosha. Lilimpiga Askari mara mbili tu, akawa hoi. Nikatupa kete ya pande ishirini nyuma ya kadibodi yangu, maana kete za adui huwa nazitupa kwa siri, ikatoka kumi na tisa. Hiyo ni mauti. Nikamtazama Dereva. Alikuwa ameikamata kalamu yake kama usukani.

"Nne," nikasema. "Limekukosa."

Kisha sijui nini kilinipata. Mganga alikuwa bado mezani, kipande cha plasta chenye shuka la buluu alilolipaka Kitinda mwenyewe. Nikamsogeza mbele. Nikasema Mganga alikuwa akiwafuata nyuma muda wote, ameweka mkono begani kwa Askari, na Askari ameinuka. Joka likafa. Mpishi akapiga meza.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha!" akasema, na tukacheka wote.

Wameondoka wakiwa na furaha. Nimeosha vikombe vinne. Nilitoa vitano kwa mazoea.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mgonjwa mmoja amerudisha meno, anasema yanapiga kelele akila.

Jumamosi, 16 Machi

Jitu la kisimani. Kubwa, la kutisha, peke yake chini ya maji. Wamelipiga. Mganga amewaponya mara tatu. Leo nimemsemea pia: "Haya, nyinyi watoto, nani kaumia tena?" Ni maneno ya Kitinda matupu, na sauti nayo ikatoka kama yake. Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye karatasi yake.

Nakiri nilifurahi. Kwa dakika chache alikuwepo mezani.

Jumapili, 17 Machi

Kitinda amepiga simu. Nyuma kulikuwa na watu, sahani, redio. "Kaka, nitakupigia tena." Hakupiga. Simlaumu, nyumba ya mume ina shughuli zake.

Alhamisi, 21 Machi

Maji yamefika kizingitini. Nimeweka matambara.

Jumamosi, 23 Machi

Buibui wa mnarani. Mmoja, mkubwa. Wameshinda tena, hakuna aliyepata hata mkwaruzo wa kukumbuka. Mpishi alikuwa akichungulia simu chini ya meza, akidhani simwoni. Nilimwona. Kila nikisugua adui wangu, yanabaki makosa yaleyale: nikimwongezea nguvu nahofia atamwua mtu, nikimpunguzia analala mapema. Basi namwongezea, halafu namtuma Mganga. Nadhani njia hii ni salama.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimegombana na watu wangu wote.

Nilikuwa nimetengeneza zimwi la pangoni, refu kuliko yote niliyowahi kuchonga. Wiki nzima nimelikausha juu ya friji. Nilitaka waogope, wakumbatiane, kisha wapone. Waliliangusha kabla sijamaliza kusimulia harufu yake.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Fundi, nikuonyeshe hesabu?"

"Hapana."

"Nakuonyesha." Akageuza karatasi. "Zimwi lako lina zamu moja. Likishapiga, tunapiga sisi watatu, na Mganga wa nne. Likitoa pigo moja limeshapokea manne. Hata ulifanye kubwa kama stendi ya mabasi, litakufa tu, ila litachelewa kufa."

"Nitaliongezea nguvu."

"Ukiliongezea, pigo hilo moja litamwua Mpishi hapohapo. Shida si nguvu, shida ni zamu. Liko peke yake."

Mpishi alikuwa amelichukua zimwi, analigeuzageuza mkononi kama kiazi kinachotafutiwa pa kumenyea. "Ee, hata mimi nilitaka kuuliza. Hivi kwa nini mazimwi yako yote yanaishi peke yao? La kinamasi peke yake. La kisimani peke yake. Hili nalo, pango lote hili, hata jirani halina. Hayaoi haya?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, nikajikuta najibu kwa ukali kwamba zimwi ni zimwi, si mwanachama wa ushirika.

Hapo Dereva akasema. Dereva akisema, watu hunyamaza.

"Kuna jambo jingine. Humu hafi mtu."

"Si ndiyo vizuri?"

"Kazini wiki hii nimebeba watu. Wengine nimefika nao. Mmoja sikufika naye. Nikiwa barabarani sijui nani atafika. Nikija hapa nashika ngao, nasimama mbele, moyo unadunda. Zamani ulikuwa unadunda. Siku hizi najua hata nikiweka ngao chini nikalala, Mganga atakuja kuniinua."

"Kwa hiyo mnataka kufa?"

"Tunataka tuweze kufa," akasema taratibu.

"Na hizo kete," Mwalimu akadakia. "Ukitupa nyuma ya kadibodi, unatazama kwanza sura ya mtu, ndipo unasoma namba. Miaka yote hii nasahihisha mitihani, Fundi. Namjua mtu anayetafuta jibu usoni kwangu."

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikasema asiyetaka asije, mlango wangu haujawahi kufungia mtu ndani. Mpishi akajaribu mzaha, haukushika. Wakavaa makoti. Dereva akarudisha kiti chake chini ya meza kwa uangalifu, kama mgeni.

Niliyoyasema yananiuma, na waliyoyasema yananiuma zaidi kwa sababu ni kweli. Sikuwa napima ugumu wa vita. Nilikuwa napima wasiondoke.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Daktari ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia ni unyevu, plasta haikauki.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilipanga meza saa nane. Viti, vikombe, biskuti kwenye sahani. Kete nikazipanga kwa ukubwa. Mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba mtu angeweza kugonga mlango nisimsikie, kwa hiyo nikaufungua na kuuacha wazi. Maji yakaingia. Nikatandika matambara kizingitini, nikakaa mahali pangu nyuma ya kadibodi.

Hakuja mtu.

Nilipochoka kusubiri nikatoa mazimwi yote kabatini nikayapanga mezani. Ni mengi, na kila moja nalikumbuka. La kinamasi, la kisimani, buibui, la pangoni. Nikatazama nikaona Mpishi alisema kweli. Nimeyapa kila moja pango lake, hazina yake, hasira zake, na sikuyapa hata moja mtu wa kuliambia kwamba mvua imezidi. Yanakaa gizani yakisubiri wageni. Wageni wakija wanakuja kundi, na wakiondoka zimwi liko chini.

Kisha nikafanya jambo ambalo nisingetaka mtu alione. Nikamshika Mganga, nikamuuliza kwa sauti, "Sasa tufanyeje?" Nikangoja. Aliyekuwa akimsemea ni mimi, na mimi sikuwa na neno.

Biskuti zimelowa. Nimezila hivyohivyo.

Jumapili, 7 Aprili

Kitinda amepiga, na leo alikuwa na nafasi. Tumeongea mpaka sikio limekuwa la moto. Akauliza habari za mchezo.

"Mganga wangu mlimzika wapi?"

"Hatujamzika. Yupo."

"Nani anamcheza?"

"Mimi."

Akaangua kicheko mpaka nikasikia mumewe akiuliza kuna nini. "Kaka! Na sauti yangu unaigiza?"

"Kidogo."

"Hebu nisikie."

"Aku."

Akacheka tena, halafu kicheko kikaisha polepole. "Kaka, nakukumbuka kila siku. Nikipika nakosea kipimo, napikia watu wawili wa nyumba ile. Lakini sijambo huku. Kweli sijambo. Huyo Mganga naye mwoze aende zake. Usinichoshe, nafanya kazi huku, halafu Jumamosi tena nikatibu watu huko!"

"Nitamwoza nani?"

"Yeyote. Hata yule mwenye nyumba ya wageni."

Nikamwambia kwamba jana hawakuja, kwamba wameniacha.

"Barabara ya chini imefurika, hata kwenye taarifa ya habari wameonyesha. Uliwapigia?"

"Hapana."

"Kaka."

Alilisema neno hilo kama mama alivyokuwa akilitaja jina langu nikirudi bila viatu. Tulipomaliza nikawaandikia wote watatu: Jumamosi kama kawaida. Kete zitatupwa mezani, mbele ya wote. Mwalimu akajibu, "Hatimaye." Mpishi akajibu kwamba jana alifika mpaka darajani akarudi, suruali yake ni shahidi. Dereva hakujibu.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimechonga zimwi jipya, jike, la kukaa na lile la pangoni, ambalo nimeamua lilizimia tu, halikufa. Nimehesabu kwa njia ya Mwalimu. Wawili dhidi ya watatu, na Mganga hayupo. Inaweza kwenda upande wowote.

Jumamosi, 13 Aprili

Wamekuja. Dereva alikuja wa mwisho, akasema gari lilikwama, akaketi. Hakuna aliyeomba radhi na hakuna aliyedai. Mwalimu alinyanyua kadibodi yangu mezani, akaikunja, akaisimamisha nyuma ya kabati.

Tulianza na harusi. Nilisema Mganga anaolewa na mwenye nyumba ya wageni na anaacha safari. Nilidhani ningelisema haraka nipite, lakini Mpishi hakukubali. Alitaka kujua bibi harusi amevaa nini, wageni wangapi, nani anapika. Mwalimu akatoa mchango wa dhahabu yake yote ya mchezo, huyu ambaye hatoi hata nauli. Dereva akamwambia Mganga, "Umetuinua sana. Sasa tutasimama wenyewe." Alinitazama mimi akisema hivyo. Nikamwondoa Mganga mezani, nikamweka dirishani, anatazama nje.

Kisha pango. Niliposema kwamba ndani kuna sauti mbili zinazogombana kuhusu moto, Mpishi akainuka kabisa kitini. "Limeoa!"

Sijawahi kuendesha pambano kama lile. Kila kete ilianguka mezani na kila jicho lililala juu yake. Likipigwa dume, jike linajiweka mbele. Mwalimu akichoma upande huu, wanavamiwa upande ule. Mara ya kwanza tangu tuanze, walinong'onezana. Mara ya kwanza walisema neno "tukimbie". Mwizi wa Mpishi alikuwa amebakiwa na uhai wa kuhesabika kwa vidole. Wakarudi nyuma mpaka kwenye daraja la nje ya pango, na Askari akasema atabaki mwanzoni mwa daraja wenzake wavuke.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Tupa."

Nikatupa. Kete ilizunguka muda mrefu ikagonga kikombe. Ishirini.

Hakuna mahali pa kujificha. Namba ilikuwa pale, na sote tuliisoma. Nilitaka kusema kwamba imegonga kikombe, kwamba haihesabiki. Mdomo ulifunguka kabisa. Dereva akatikisa kichwa kidogo, akinikataza.

"Askari ameanguka," nikasema. "Wenzake wamevuka."

Mwalimu alikuwa amefunika uso. Mpishi akasema taratibu, "Jamani." Dereva akachukua kipande chake cha plasta, akakilaza darajani, akaweka ngao juu yake. "Sawa," akasema. Akavaa koti akatoka kwenye mvua, wala hakumalizia chai.

Nimempoteza. Nilikuwa nimeogopa hili muda wote, na nimelifanya kwa mkono wangu, mbele ya mashahidi.

Jumanne, 16 Aprili

Hakuna ujumbe.

Alhamisi, 18 Aprili

Gari la wagonjwa limepita mbele ya kliniki likipiga king'ora. Nimekimbilia dirishani na plasta mikononi, nisione ni nani anaendesha. Nimeombea wote waliokuwa ndani.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua imepungua, inadondoka tu kwa mazoea. Kabla ya saa nane mlango ukagongwa. Dereva, peke yake, na mwavuli.

Nikamkaribisha. Akakaa kiti cha karibu na mlango, akaulaza mwavuli miguuni.

"Nilifika nyumbani nikalia," akasema. "Kwa ajili ya mtu wa plasta! Mke wangu akauliza nani kafa. Nikashindwa kumweleza."

"Nisamehe."

"Unisamehe wewe kwa kuondoka vile. Mwaka huu sijalia hata mara moja, Fundi, na kazi yangu unaijua. Nilikuwa nahitaji mahali."

Nikammiminia chai. Nikamuuliza kama tumtengenezee shujaa mpya kabla wenzake hawajafika.

"Bado. Mtu hamaliziwi arobaini kwa siku saba."

"Basi leo utatazama tu?"

Wakati huo Mpishi na Mwalimu walikuwa wanaingia, wanazozana, wameapa kurudi darajani kuichukua ngao ya Askari. Dereva akainuka. Akakichukua kiti cha Kitinda, ambacho hakijakaliwa tangu mvua ianze, akakiburuta kuizunguka meza mpaka upande wangu, akakaa bega kwa bega nami.

"Huku ni kwa mazimwi," nikamwambia.

"Ndiyo. Nipe moja."

Nikampa dume. Akaligeuza, akalipima uzito, akakohoa, akasema kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo: "Mke wangu, nasikia watu darajani. Wewe umesikia?"

Mwalimu na Mpishi walikuwa wananitazama ng'ambo ya meza, kalamu juu.

"Nimesikia," nikasema. "Na mvua hii imezidi."

"Imezidi, kwa kweli. Kaa karibu na moto."

"Haya, wawili kwa wawili," Mwalimu akasema, akizikusanya kete. "Leo ndipo mmekuwa sawa."

Tumepigana mpaka taa za barabarani zimewaka. Wametushinda, mimi na Dereva, na ngao wameichukua. Tumepigwa vibaya, lakini tumepigwa tukiwa wawili.